Blanketi la Tabaka Nne

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kukaa kimya. Chumba chake cha mbele kilikuwa duka, cha nyuma kilikuwa nyumba. Mteja aliyefuata suruali yake aliondoka na suruali na utani juu.

Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alizaliwa njiti, kabla ya miezi kutimia. Kiganja chake kizima kilienea kwenye ukucha wa baba. Siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali, muuguzi aliwaambia, "Mbebeni kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Mwamsheni anyonye kila baada ya saa mbili."

Fundi alicheka.

"Mimi fundi mzima, mwanangu akose cha kumfunika?" alimwambia mkewe nyumbani. "Wewe pumzika."

Akashona blanketi la tabaka nne. Kwa kweli lilikuwa zuri. Akamviringisha mtoto, akamlaza kitandani peke yake.

Mtoto alilala tu. Hakulia.

"Huyu ana adabu, hasumbui mtu!" majirani walisema. Fundi akavimba kichwa.

Siku ya tatu mkewe alimwita. "Baba, mbona hajanyonya tangu asubuhi?"

"Mwache, amepata joto," alijibu, mguu ukiwa kwenye cherehani. Alikuwa na sare za shule za kumaliza.

Alasiri mama alifungua blanketi. Miguu ya mtoto ilikuwa ya baridi. Mwili ulikuwa umelegea. Walimkimbiza hospitali ndani ya blanketi lile lile, lakini hawakuwahi.

Muuguzi hakuwagombeza. Alisubiri mpaka fundi alipoweza kusikia.

"Nguo haitengenezi joto, fundi. Inatunza joto lililopo tu. Njiti hana joto lake la kutosha, analipata kwenye mwili wenu. Akiwa wa baridi, akikataa kunyonya, akilegea au akipumua kwa shida, huo si utulivu. Mwili unaishiwa nguvu. Mkijaliwa mwingine, mkiona hivyo, mfungeni kifuani, mje saa hiyo hiyo."

"Uliniambia nimbebe," fundi alisema. "Nikacheka."

Duka lake lilikaa kimya muda mrefu. Wateja walichukua suruali zao bila utani.

Miaka miwili baadaye alizaliwa binti. Naye njiti.

Safari hii fundi alilifumua blanketi. Tabaka moja akaifanya mbeleko ndefu. Mama alipochoka, yeye alifunga duka, akavua shati, akamfunga binti kifuani. Mtoto alikuwa na kofia, soksi na nepi tu, na shuka juu ya mgongo wake. Kila baada ya saa mbili walimwamsha anyonye.

Siku ya tisa binti alikataa titi. Mama akashika miguu yake.

"Ya baridi," alisema.

Hawakubishana. Walitoka saa ile ile, mtoto akiwa kifuani kwa mama. Hospitali walimwekea oksijeni na kumpa dawa.

"Mmewahi," muuguzi alisema. Fundi akakaa sakafuni, akalia mbele za watu.

Sasa binti ana mwaka mmoja na sauti ya kuamsha mtaa. Tabaka tatu zilizobaki ziko rafuni. Mteja akiulizia kitambaa kile, fundi hujibu tu, "Hicho hakiuzwi."

Juzi jirani alichungulia mlangoni. "Fundi, mnyamazishe mwanao, masikio yanatuuma!"

Fundi alimpakata binti, asimnyamazishe.

"Mwache alie, jirani," alisema. "Kaka yake hakulia."