Mama Chai Alipoita "Moto!"

Mama Chai alikuwa na sauti. Si sauti ya kuimba. Sauti ya kuita! Kila siku saa nne asubuhi alisimama mlangoni kwake na birika mkononi, akapaza sauti:

"Moto! Moto! Moto huo!"

Mtaa mzima ulijua maana yake. Chai imeiva, na viazi vya kukaanga viko tayari. Mshonaji aliacha cherehani. Kinyozi alimwacha mteja amenyolewa upande mmoja. Lakini wa kwanza kufika alikuwa fundi viatu. Walimwita Bakuli, kwa sababu kikombe chake kilikuwa kikubwa kama bakuli.

"Jaza mpaka juu," alisema kila siku.

"Hicho si kikombe, ni kisima," Mama Chai alimtania.

Mume wake alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba. Katika chumba cha nyuma alikaa Bibi, mama yake seremala. Mguu mmoja wa Bibi ulikuwa mbovu, hakuweza kutembea bila kushikwa. Lakini mdomo wake ulikuwa mzima kabisa.

Siku moja, mapema kuliko kawaida, Mama Chai alibandika sufuria ya mafuta jikoni. Mara jirani akamwita nje. Akatoka kidogo tu. Hiyo kidogo ikawa ndefu, maana maneno yalinoga. Aliporudi, mafuta yalikuwa yanawaka.

Alikimbia mlangoni akapiga kelele kwa nguvu zake zote:

"Moto! Moto! Jamani, moto!"

Mshonaji alitazama saa. "Leo mapema," alisema, akachukua kikombe chake. Kinyozi naye akachukua chake. Bakuli alikuja mbio, kicheko mpaka masikioni.

"Si chai!" Mama Chai alilia. "Moto! Moto wa kweli!"

"Si ndivyo tunavyoipenda, ikiwa moto?" alijibu Bakuli.

Hapo moshi ukatoka mlangoni. Kicheko kilikatika. Bakuli aliingia jikoni, akachota maji kwa kile kikombe chake, akayamwagia mafuta.

Fuuu! Moto uliruka mpaka darini. Pazia likashika. Bakuli alitoka mbio, hana nyusi hata moja.

"Bibi yuko ndani!" Mama Chai alipiga kelele.

Seremala alizunguka nyuma na mtaimbo. Aling'oa dirisha alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, akamtoa mama yake amembeba mgongoni.

"Taratibu!" Bibi alikohoa. "Mimi si gunia la vumbi la mbao!"

Na simu je? Hakuna aliyejua namba ya zimamoto. Waliulizana, wakabishana, mwisho kinyozi akaipata.

"Uko wapi?" aliulizwa.

"Hapa kwetu!"

"Kwenu wapi?"

"Kwa Mama Chai! Nani asiyemjua Mama Chai?"

Zimamoto hawakumjua. Gari lilipotea mitaa miwili kabla ya kufika. Walipofika, walivuta mpira wa maji na kazi ikaisha upesi. Nyumba ilipona, lakini jiko lote lilikuwa jeusi.

Kiongozi wao alikuwa mwanamke, wenzake wakimwita Sajini. Alivua kofia yake ngumu.

"Nani aliita watu?"

"Mimi," alisema Mama Chai.

"Wakaja?"

"Walikuja. Na vikombe. Kila siku nikiita 'Moto!' huwa ni chai."

Sajini aliuma midomo asicheke. "Mama, neno hilo umelizoesha chai. Jumamosi nitarudi na gari. Mtaa wote uje."

Jumamosi hakuna aliyebaki ndani! Sajini alibandika sufuria kuukuu ya mafuta kwenye jiko la gesi uwanjani, mbali na nyumba, mpaka ikawaka. Watu wakarudi nyuma.

"Nani atamwaga maji?" aliuliza.

Wote walimgeukia Bakuli. Bakuli alishika mahali palipokuwa na nyusi.

"Darasa hilo nimeshalipita," alisema.

Walicheka mpaka machozi. Sajini alizima jiko, akachukua kifuniko, akakisukuma polepole juu ya sufuria kutoka upande. Moto ukafa papo hapo.

"Kifuniko tu?" Mama Chai hakuamini macho yake.

"Kifuniko tu. Moto unahitaji hewa kama wewe. Zima jiko kama unalifikia, funika, na usifunue mpaka sufuria ipoe. Usiibebe kutoka nayo nje. Maji ni ya mbao, karatasi na nguo. Kwenye mafuta, kamwe! Kwenye umeme, kamwe! Na moto ukikuzidi, toka, funga mlango, usirudi kuchukua kitu."

"Na simu?" aliuliza kinyozi kwa aibu.

"Namba ina tarakimu tatu tu. Sema uko wapi, nini kinawaka, nani yuko ndani. Kisha usikate mpaka uambiwe."

"Kazi hiyo nipeni mimi," alisema Bibi. "Nashinda na simu mchana kutwa."

Basi Bibi akafanya mazoezi mpaka majirani wakachoka masikio. Seremala aliiandika namba ukutani kwa herufi kubwa, akamhamishia mama yake chumba cha mbele, karibu na mlango.

"Na mimi," alisema Mama Chai, "kuanzia leo nitaita 'Chai tayari!' Neno moto nimelifungia kabatini."

Ilipita miezi mitatu. Mchana mmoja cheche iliruka kutoka kwenye mashine ya seremala, ikaangukia vumbi la mbao. Mbao zikashika. Seremala alitoka mbio. Mama Chai alisimama mlangoni, akalifungua kabati.

"Moto!"

Mara moja tu. Mtaa mzima uliruka! Kinyozi alizima swichi kuu ya umeme. Mshonaji alikimbia kona ya barabara kulipungia gari kitambaa chekundu. Na Bibi alikuwa tayari kwenye simu:

"Nyuma ya soko, nyumba ya mlango wa kijani. Karakana inawaka, mbao. Ndani hakuna mtu. Ndiyo, mwanangu, sikati."

Aliposema hivyo, alikuwa ameshashikwa mkono na Mama Chai, wanatoka nje.

Gari halikupotea hata kona moja. Sajini alikuta watu wamejipanga mstari, wanapokezana ndoo za maji na kuzimwagia mbao kutoka nje ya mlango. Alimalizia na mpira wake. Zilizoungua ni mbao chache na kiti kimoja. Sajini alishindwa kujizuia, akapiga makofi.

Bakuli alikuwa amelowa chapachapa, na nyusi zake mpya zilikuwa salama. Mama Chai alimtazama mikononi.

"Leo kikombe chako kiko wapi?"

"Nimekiacha dukani," alijibu Bakuli. "Si umesema moto?"