Mstari wa Makonge

Siku ya mnada wa mbuzi mjini Mwingi, watu wakiwa wamejaa mpaka mlangoni mwa duka la fotokopi, Mwangangi alimkanyaga Syombua kwa buti lake la kazi.

"Wee! Hicho ni kidole, si kokoto!"

"Pole, mrembo. Nipe namba, nikuulizie hali yake jioni."

Akapiga kweli, na tangu jioni hiyo simu hazikukatika. Syombua alichora ramani za mashamba kwa kompyuta, katika ofisi ya mpimaji juu ya duka lile. Mwangangi alipenda kukaa nyuma yake, akinusa mafuta ya nywele zake, akitazama kipanya kikivuta mstari kutoka kona hadi kona, kisha kuufuta.

"Ukinikasirikia utanifuta hivyo?"

"Wewe? Wewe nitakufuta na tambara."

Walicheka. Lakini Mwangangi alikuwa na hasira za karibu, na kila mtu alijua. Huko Matinyani, yeye na kakake Nyamai walikuwa wanagawana shamba la marehemu baba yao, na walishatoleana mapanga juu ya safu moja ya makonge. Mwangangi alishikilia kuwa huo ndio mpaka, na ramani ya mgawanyo ilikuwa mikononi mwa Syombua.

"Chora kwa makonge, mpenzi. Sitaki mchezo."

Alhamisi aliingia ofisini na soda mbili mkononi. Akamkuta Nyamai ameketi kwenye kiti alichozoea kukalia yeye, naye Syombua ameshika kipanya, anafuta ule mstari wa makonge.

Soda zilipasuka sakafuni. Alimkaba Nyamai koo, akampigiza kichwa ukutani, akarudia, damu ikaruka hadi kwenye kompyuta.

"Mmeniuza! Wewe na huyu mwizi!"

"Mwache! Mwangangi, sikiza kwanza!"

Syombua alijitia katikati, na ngumi iliyokusudiwa Nyamai ikamtua yeye mdomoni. Alianguka juu ya vipande vya chupa. Blauzi yake ya njano ikalowa nyekundu kifuani, na jino moja likabaki kiganjani mwake.

Nyamai aliongea akihema. "Makonge alipanda mama, ashike udongo usiende na mvua. Mpaka wa baba ni mawe ya kule chini. Shangazi Kavata amenionyesha jana. Kipande chote kati ya makonge na mawe ni chako, mjinga wewe. Nilikuja kukurudishia."

Mwangangi alipiga magoti, akalia kwa sauti. Syombua hakumwangalia.

Alikubali kuonana naye baada ya mdomo kupona, katika hoteli yenye watu wengi.

"Nyamai amenisamehe," Mwangangi alisema. "Wazee wamekubali. Jumamosi tunaleta mbuzi kwenu, nikuoe."

"Msilete."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda, na hiyo ndiyo shida. Lakini sasa hivi umeinua kikombe cha chai, mimi nikaruka. Umeona?"

Alikuwa ameona. Alikirudisha kikombe polepole, akaficha mikono yote miwili chini ya meza, na Syombua akachukua mkoba wake akatoka.