Aliyeandika kwa Mkono wa Rukiya

Nukta ya mwisho daftarini ilikuwa bado mbichi. Rukiya aliigusa, wino ukamchafua kidole, naye hakuwa ameshika kalamu tangu juzi.

Kwa miaka mitatu alikuwa akilifungua daftari lile kila asubuhi, tangu vita vilipomng'oa Buyenzi, kule Bujumbura, vikamtupa orofa ya tatu ya nyumba kuukuu katika mtaa wa Saint-Gilles, huko Ulaya. Kwao aliandika michezo ya redio, na watu waliacha vyungu viungue wakimsikiliza. Hapa alikaa mbele ya ukurasa mtupu, akaufyonya, kisha akaenda kazini kuwaogesha wazee wa watu.

Leo ukurasa ulikuwa umejaa. Mwandiko ulikuwa wake, ila karatasi ilinuka manyoya ya kuku yaliyoungua. Maneno yalimhusu Abdallah, kaka yake aliyeuawa wiki ya kwanza ya vita: kanzu yake nyeupe, cheko lake tamu, na jinsi alivyogawia maskini mkate wake.

"Takataka," Rukiya alisema. Abdallah hakuwahi kumgawia mtu hata kipande cha muhogo.

Akamwita mumewe. "Hamza, ni wewe umeandika hapa?"

"Mimi? Hata barua za ofisi ya commune unaniandikia wewe."

Angeuchana palepale. Badala yake aliupeleka kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, katika saluni ya Marie-Claire, akawasomea wanawake ili aone watu wanaweza kumeza upuuzi kiasi gani. Waliumeza wote. Marie-Claire alizima mashine ya kukaushia nywele. Régine wa Lubumbashi, jirani wa orofa ya chini, alimshika mkono huku machozi yakimtiririka.

"Maman Rukiya, vraiment, kweli Mungu alikupatia kintu. Andika ingine."

Rukiya aliwadharau wote, akazipenda sifa zao.

Kila asubuhi ukurasa mpya ukamngoja. Alijiambia kwamba nyumbani kunaungua, simu hazipiti, kwa hiyo mwandishi hana budi kupokea kinachokuja. Zikafika kurasa kumi na nne.

Jumapili moja mchana Hamza alisema, "Hebu cheka kama Abdallah, nimemkumbuka."

Rukiya alifungua kinywa kumwigiza, kama alivyofanya mara mia, na hakikutoka kitu. Akalitafuta lile cheko kichwani akakuta sentensi, akautafuta uso akakuta sentensi nyingine, tamu, laini, yenye kanzu nyeupe, na kadiri alivyozidi kupekua ndivyo kaka yake alivyozidi kuwa maneno ya mtu mwingine, hadi jasho likamtoka katika baridi ile ya Novemba, na nyuma ya chuma cha kupashia chumba joto, chini ya dirisha, kitu kikakohoa taratibu, kama karani anayengoja kuendelea na kazi yake.

"Umesikia?" alinong'ona.

Hamza alikuwa ameshashika koti. Alirudi na Mwalimu Ilyas, aliyekuwa akiuza nyama siku za kazi na kuwasomea wagonjwa dua siku za mapumziko.

Mwalimu alisomea maji katika glasi, akayanyunyiza kwenye kuta nne za jikoni. Harufu ya manyoya ikazidi. Mkono wa kulia wa Rukiya ukanyanyuka wenyewe, ukashika kalamu, ukaandika: *Uliniita. Miaka mitatu uliniita.*

"Usimjibu," Mwalimu alinong'ona. "Anakula nini hapa?"

"Kaka yangu."

"Basi mwandikie asichoweza kukimeza."

Rukiya aliutazama ule mwandiko mzuri, uliojipinda kwa madaha, na dharau ikampanda juu kuliko hofu. Akaipokonya kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika kwa herufi za mtoto wa darasa la kwanza: *Abdallah alinitukana asubuhi ile ya mwisho, nami sikumuaga.* Mkono wa kulia ukalegea. Glasi ya maji ikapasuka. Mlango ukafunguka wenyewe, harufu ikapita miguuni mwao na kushuka ngazi.

"Kurasa alizoandika huyo, zote uzichome," Mwalimu alisema. "Leo hii, mama."

Rukiya hakuona sababu ya kuharibu njiti ya kiberiti kwa uchafu ule. Akazitupa kurasa zote kwenye ndoo ya taka, chini ngazini, karibu na mlango wa Régine.

Tangu siku ile aliandika kwa mkono wa kushoto, nusu ukurasa kwa siku, sentensi ngumu zilizomtoa jasho. Cheko la kaka yake halikurudi, lakini matusi yake aliyapata, na hayo yalikuwa ya Abdallah kweli. Saluni walipiga miayo. Rukiya naye alikunja karatasi zake, akawaambia wanaotaka kulia watie sabuni machoni.

Alhamisi moja Marie-Claire alimcheka. "Régine anaandika sasa! Juu ya batoto yake. Anakushinda mbali, tunalia tu."

"Régine? Régine anajua kuandika nini?" Rukiya alicheka kwa kejeli. Kisha cheko likamkatika, akatoka mbio bila koti.

Aliwakuta watoto wawili wa Régine wamekaa ngazini na mikoba ya shule, mlango umefungwa. Aliusukuma kwa bega. Régine alikuwa mezani, mkono ukikimbia juu ya karatasi, chumba kizima kikinuka manyoya yaliyoungua.

"Régine! Watoto wako nje!"

Régine aliinua kichwa, akawatazama watoto kwa adabu, kama mtu anavyotazama wageni.

"Batoto bangu balikuwa bazuri sana," alisema, akitabasamu. "Ngoja nikusomee. Na hawa, Maman Rukiya, ni batoto ba nani?"