Gauni la Kupandia Ndege

Ilikuwa siku ya soko Mwingi, mwaka wa 1977, na barabara ya Garissa ilijaa malori, mbuzi na vumbi. Syombua aliruka kutoka nyuma ya lori lililomleta kutoka kijijini kwao Tulia. Msumari uliotokeza kwenye ubao ukashika sketi yake, kitambaa kikapasuka kutoka gotini hadi kiunoni. Wauza mbuzi wakapiga mbinja.

"Simama hapo hapo! Usigeuke!"

Aliyepiga kelele alikuwa Mutunga, fundi wa nguo aliyekuwa na cherehani yake kwenye varanda ya duka la Haji Faki. Alikuja mbio, pini bado ziko mdomoni, akamfunga msichana kipande cha kitambaa cha marekani kiunoni na kumwongoza hadi nyuma ya pazia la kupimia.

"Vua unipitishie."

"Kabla hujaniuliza hata jina?"

"Jina nitaliuliza nikiwa nimeshona. Sasa hivi nina haya kuliko wewe."

Syombua alicheka kule nyuma ya pazia. Mutunga alisikia kicheko kile, sindano ikamchoma kidole. Alipomrudishia sketi, mshono ulikuwa mwembamba hata haukuonekana. Naye msichana, nywele zake zimechanwa zikasimama duara kubwa, hereni za shaba masikioni, akamwambia ya kwamba Jumatatu angeanza kazi posta, kuunganisha simu.

Haji Faki alikuwa na simu dukani. Tangu Jumatatu ile, kila saa nne asubuhi, fundi aliinua mkono wa simu.

"Posta Mwingi. Nikuunganishe na nani?"

"Na wewe."

"Huyo laini yake ina watu wengi."

"Watoe wote. Mwambie ni mtu wa sketi."

"Aiya! Mutunga, nitafutwa kazi kwa ajili yako, mwendwa wakwa, mpenzi wangu."

Walipendana miaka miwili. Mutunga alikuwa amekwisha kuchagua mbuzi wa mahari wa kupeleka kwa kina Syombua huko Tulia. Lakini siku moja Syombua alisema kwa mzaha kwamba wenzake wa Nairobi walikuwa wakipelekwa Ulaya kusomea mitambo ya simu, na Mutunga, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, akajibu, "Mke wangu havuki hata mto Tana." Syombua alicheka. Maneno yale aliyaweka moyoni.

Kwa hiyo barua ilipofika, ya kumchagua kwenda London kwa kozi ya miezi tisa, aliificha. Alisubiri tikiti iwe mkononi kwanza.

Wiki moja kabla Syombua hajamweleza, Mutunga aliinua simu ya Haji kama kawaida na laini zikaingiliana. Alimsikia Syombua akizungumza na mwanamume wa mbali, sauti ya mtu huyo ikija na mwangwi.

"Ndolo, usisahau kuniletea koti uwanja wa ndege. Mimi sijui baridi ya huko."

"Usijali. Chumba chako kiko tayari. Mutunga anajua?"

"Hajui. Na asijue kwanza."

Mutunga alirudisha simu taratibu. Alitoka nje akasimama juani bila kofia, mpaka Haji Faki akamuuliza kama alikuwa mgonjwa.

Syombua alikuja baada ya wiki ile, amebeba karatasi.

"Nina neno, na nakuomba usinikasirikie kabla sijamaliza. Naenda Uingereza kwa kozi. Miezi tisa tu. Nikirudi, tupeleke hao mbuzi."

Alingoja agombe. Mutunga akatabasamu tu.

"Unamjua mtu huko?"

Syombua akasita. "Watu hawakosi," akasema.

Jibu lile ndilo lililomaliza huruma yote kifuani mwa Mutunga.

"Vizuri. Karatasi hiyo ni ya nini?"

"Ni maagizo ya nguo. Mkubwa wetu ameshapanda ndege mara tatu. Anasema nivae gauni pana la pamba, kiuno wazi, viatu bila kisigino. Ati mtu huvimba huko juu. Nivimbe wapi tena, na mimi ndiye huyu?"

"Ni kweli," Haji Faki alidakia kutoka kaunta. "Mimi nilipokwenda Maka, viatu nilivyovivua ndegeni havikuingia tena, nikashuka pekupeku. Na maji, binti yangu, kunywa maji. Kila mara inuka utembee ile njia yao ya katikati. Ukikaa kama mzigo, damu nayo inakaa."

Mutunga alisikiliza kila neno. Haji alikuwa anamfundisha mahali pa kuumizia.

Alipima kwa upole. Gauni la kujaribia lilimkaa vizuri, kiuno kikipumua. Lakini aliporudi peke yake mezani aliliweka pembeni, akakata jingine la krimplini ya buluu, kitambaa kizito kisichopitisha hewa. Ndani ya kiuno, katikati ya bitana, akashona ukanda wa kanvasi, ile ngumu ya kola za makoti, mistari minne ya uzi maradufu. Zipu akaiweka mgongoni, na juu yake kulabu tatu ambazo mvaaji hawezi kuzifikia. Alishona, na kila mshono alitaja jina moja: Ndolo.

Alimpelekea gauni asubuhi ya safari, limepigwa pasi na kufungwa kwa gazeti. Gari la kwenda Nairobi lilikuwa linangoja.

"Mbona kitambaa si kile?"

"Hiki hakikunjamani. Utashuka ukiwa bibi. Njoo nikufunge."

Alimfunga kulabu. Syombua alivuta pumzi, akashindwa kuimaliza.

"Linabana, mpenzi."

"Litalegea njiani."

Alimwamini. Alimpiga busu la shavuni, akapanda gari.

Akiwa amesimama, gauni lilikuwa zuri hata watu uwanjani waligeuka kumtazama. Alipoketi na kufunga mkanda wa ndege, kanvasi ilimshika kama pingu. Masikio yaliziba, alimumunya peremende, yakafunguka. Mhudumu alileta maji, akayakataa, kwa sababu alijua hangeweza kujivua chooni bila mtu wa kumfungua mgongo, na aliona haya kuomba. Chakula kilirudi kama kilivyokuja. Nguo zake nyingine zilikuwa kwenye sanduku, chini tumboni mwa ndege. Saa ya tano miguu ilikuwa mizito. Saa ya saba aliinuka, hatimaye, aombe msaada, akaanguka kwenye njia ya katikati.

Abiria mmoja mzungu alikuwa nesi. Aliitisha mkasi, akakata gauni kutoka shingoni hadi kiunoni. Mkasi ukakwama kwenye kanvasi. Alikata tena na tena, huku mhudumu akishika blanketi kuwakinga na macho ya watu. Syombua alipofumbua macho alijikuta amefungwa blanketi, kipande cha ukanda kiko mapajani mwake. Alikigeuza. Aliitazama ile mistari minne. Hapakuwa na mkono mwingine Mwingi nzima uliokuwa na uzi mnyoofu namna ile.

Alishuka London kwa kiti cha magurudumu. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa mguu wa kushoto. Daktari alisema ingepanda kifuani ingemuua. Alilala hospitali wiki tatu.

Siku aliyoweza kusimama, aliomba simu. Ilipita Nairobi, ikapita Kitui, ikafika duka la Haji Faki.

"Mutunga?"

"Nani?"

"Mtu wa sketi. Nina kipande cha kanvasi hapa mkononi. Nataka uniambie ni cha nini."

Upande wa Mwingi sauti ilitoka kavu. "Muulize Ndolo. Si yeye aliyekuletea koti?"

"Ndolo?" Sauti ya Syombua ilipasuka. "Ndolo ni mtoto wa mjomba wangu! Ana mke na watoto watatu! Chumba alichoniwekea ni cha watoto wake! Ulisikiliza simu yangu, ukashindwa kuniuliza?"

"Ulisema nisijue..."

"Nilikuogopa! Wewe ndiye uliyeninyima hata mto Tana. Na sasa nimekuwa hospitalini wiki tatu, Mutunga. Damu iliganda. Daktari amesema ningekufa."

Haji Faki, aliyekuwa akipima sukari, alimwona fundi akiteremka ukutani mpaka akakaa sakafuni, simu sikioni.

"Syombua... nisamehe..."

"Sikupiga simu ili usamehewe. Nimepiga kukuambia kwamba nitarudi. Usihame."

Laini ikakatika.

Mutunga alienda Tulia mwenyewe kukiri kwa mama yake Syombua, Mwaitu Kalunde. Mama huyo, mwanamke wa kanisa asiyepandisha sauti, alimsikiliza hadi mwisho, akamwonyesha mlango. Mutunga akamwandikia Syombua barua kumi na moja. Hazikujibiwa. Alikoma kushona nguo za wanawake. Alishona sare za shule na suruali za madereva, na mtu akimuuliza sababu, aliondoka mezani.

Syombua alirudi katikati ya mwaka uliofuata, amenenepa kidogo, anachechemea kidogo. Siku ya soko, varanda imejaa wateja, alisimama mbele ya cherehani na kuweka juu yake hariri nyeupe.

"Fundi, nataka gauni la harusi."

Mutunga aliinuka. "Harusi ya nani?"

"Yangu. Au hushoni tena?"

"Nitashona."

"Safari hii nitajaribu lenyewe."

Alijaribu mara tatu. Mara ya kwanza alisema mabega ni mapana, Mutunga akafumua. Mara ya pili, pindo limepinda. Halikuwa limepinda, akafumua vilevile. Mji mzima ulijua. Wanawake walisema bwana harusi ni mwenye lori kutoka Mukuyuni, wengine wakasema ni mwalimu. Mutunga hakuuliza. Alishona akiwa amekonda, macho mekundu, kiuno akakiacha wazi, bitana laini ya pamba, kulabu zote ubavuni pale mkono wa mvaaji unapofika.

Mara ya tatu Syombua alitoka nyuma ya pazia, amevaa hariri nyeupe, akavuta kiti cha fundi katikati ya varanda na kuketi.

"Ndegeni nilikaa masaa manane," alisema, kwa sauti ambayo hata wauza mbuzi waliisikia. "Na hapa nitakaa masaa manane. Niletee maji."

Alikaa kutoka saa tatu asubuhi. Kila saa iliyopita Mutunga alileta bilauri ya maji, akapiga magoti, akampa mbele ya watu. Kila mara Syombua aliinuka, akatembea hadi mwisho wa varanda na kurudi, mguu wa kushoto ukiburuta, ili wote wauone. Watu walikuja, wakatazama, wakanong'ona. Hakuna aliyecheka. Adhuhuri Mutunga alikuwa analia waziwazi, machozi yakidondokea bilauri, naye Syombua akaisukuma.

"Lete nyingine. Hayo kunywa wewe."

Akanywa.

Saa kumi na moja jioni soko lilikuwa linafumuka. Syombua alisimama, akajipapasa kiuno.

"Halibani," alisema. "Sasa shona suti ya bwana harusi."

"Vipimo vyake?"

"Chukua futi ujipime."

Mutunga alimtazama kana kwamba amesemeshwa Kizungu. "Mimi? Syombua, mimi sistahili."

"Najua hustahili. Nilikaa miezi yote kule nikitafuta mtu mwingine wa kumpenda, nikakosa, na hilo pia nitakulipisha. Utashona nguo za wasimamizi wangu sita. Utarudi kwa mama Tulia na mbuzi mara mbili ya wale. Na nikitumwa tena Ulaya, utanibebea sanduku hadi uwanjani."

"Nitalibeba."

"Na ukisikia kitu kwenye simu?"

"Nitakuuliza."

Alinyoosha mkono kumgusa, akausitisha hewani. "Umenisamehe, mwendwa?"

"Bado," Syombua alisema, akauchukua ule mkono na kuushika kwa nguvu hata kucha zikazama. "Nitakuwa nikikusamehe kidogo kidogo. Ndiyo maana nataka tuoane, nisikose wakati."