SIKU 365 BILA AJALI, NA NDAFU AMBAYO MDOGO WANGU HAKUILA

Nilimnyooshea mdogo wangu kipande cha ndafu mbele ya watu mia tatu... akabana meno!

"Malale, fungua mdomo," nikamwambia kwa sauti ya chini.

Hakufungua.

MC akadakia kwenye spika. "Aaah! Kaka anaringa huyo! Dada amlishe, asimlishe?"

"Amlisheee!" ukumbi mzima ukaitika.

Kijiti chenye nyama nimekishika hewani. Wakuu wa idara wanatazama. Simu zimenyooshwa juu zinarekodi. Na mdogo wangu wa tumbo moja, niliyemlea mimi, niliyemtafutia kazi pale chuoni mimi, kanikazia macho, midomo kaichanua kama mtu anayecheka, meno kayabana.

Nikajua ananidhalilisha makusudi.

Siku mbili nzima nyumbani alikuwa anasusa ugali wangu, anakunywa uji tu. Nikimuuliza, anakunja uso. Nikasema kumbe ndiyo alikuwa anajiandaa kunifanyia hivi, siku yangu kubwa kuliko zote.

Nikamsogelea sikioni.

"Nimekukosea nini mimi?"

Akajaribu kusema kitu. Kikatoka kama mtu anayeongea akiwa ameng'ata kamba.

Jamani, nasimulia hivi hivi, macho makavu. Mtakaoniona nina roho ngumu, sawa tu. Hata mimi nashangaa.

Niwarudishe nyuma kidogo.

Naitwa Minza. Nakaa Kawajense, hapa hapa Mpanda. Kwetu ni Mamba kule Mpimbwe, wazee walifika na ng'ombe wao mimi nikiwa mgongoni. Kazi yangu: Mratibu wa Usalama na Afya Kazini, Chuo Kikuu cha Miombo.

Cheo kirefu eeh? Mkataba ulikuwa mfupi.

Mwaka juzi naibu mkuu wa chuo, Dokta Edgar, aliniita ofisini kwake.

"Minza, chuo kinataka malengo ya usalama. Lengo lazima lipimike. Wewe unapendekeza nini?"

Nikakumbuka ubao niliouona kwenye kambi moja ya wajenzi wa barabara.

"Tuweke ubao getini, Dokta. Tuhesabu siku bila ajali. Tukifikisha mwaka mzima, tusherehekee."

Akapiga meza. "Safi sana! Ukifikisha mwaka, ajira ya kudumu ni yako."

Kwa hiyo msije mkasema niliagizwa. Wazo lilikuwa langu.

Ubao alitengeneza Malale. Alikuwa fundi wa karakana, na mikono yake ilikuwa na akili kuliko digrii za watu. Akakata tarakimu za bati, akazipaka rangi nyekundu, akaweka vindoano vya kuzitundikia.

"Dada, sifuri nimekata nne," akaniambia huku anacheka. "Moja ya akiba. Ila usije ukaitundika peke yake."

"Ishindwe!" nikamjibu.

Kila asubuhi saa moja na nusu nilipiga simu zahanati ya chuo, kwa nesi Specioza.

"Kuna kitu?"

"Hakuna, dada."

Natundika namba mpya. Ndiyo ulikuwa ufuatiliaji wangu wote huo. Naandika ripoti ya mwezi, napeleka kwa Dokta Edgar, ananipongeza.

Mwanzoni ilikuwa kweli. Halafu siku ya sitini na kitu, mama mmoja wa jikoni akamwagikiwa na mafuta ya moto mkononi. Alikuja kwangu mwenyewe, mkono ameufunga kanga.

"Mratibu, usiandike," akasema. "Wenzangu wataninunia. Watasema nimewanyima ndafu."

Nikamtazama. Nikatazama ubao kupitia dirishani.

"Basi tuandike umeungua nyumbani," nikasema.

Akashukuru! Mtu ameungua, na anashukuru. Mimi nikajiona nina huruma.

Baada ya hapo njia ikawa imelimwa. Aliyemwagikiwa tindikali maabara, kaungua nyumbani. Aliyeanguka kwenye ngazi ya maktaba, kaanguka nyumbani. Ukisoma daftari letu ungedhani wafanyakazi wa Miombo wanaishi kwenye nyumba za hatari sana.

Buti za kazi zilikuwepo. Pea arobaini, stoo, zimefungwa. Zinatolewa siku wakaguzi wakija ili zionekane mpya.

Siku ya 352 nilikuwa mnadani nachagua mbuzi wa ndafu. Simu ikaita. Siwaambii sasa ilikuwa inahusu nini, kwa sababu hata mimi niliisahau papo hapo. Nilikuwa nambonyeza mbuzi mbavu.

Jioni yake Malale akarudi nyumbani anachechemea.

"Nini tena?"

"Mpirani, dada. Nimeteguka."

Mnajua nilihisi nini? Nilishukuru. Mpirani si kazini. Nikamchemshia maji ya chumvi akakandia mwenyewe chumbani kwake, mlango kaufunga.

Haya. Turudi ukumbini, mchana ule wa siku ya 365.

Nimesimama na kijiti changu. Malale kabana meno. MC akaona aibu inazidi, akampigia kelele DJ.

"DJ, tupia ngoma tumlainishe huyu!"

Spika zikalipuka.

Na palepale mdogo wangu akapinda. Mgongo ukajikunja kwenda nyuma, kichwa kikarudi mgongoni, mikono ikakakamaa.

"Oneni, anacheza!" MC akapayuka. "Anacheza huyo!"

Watu wakapiga makofi... Walipiga makofi, jamani.

Akaanguka kama gogo. Bado kaichanua midomo vilevile, meno yote nje.

Ndipo muziki ukazimwa.

Tulimpakia kwenye gari la chuo. Njia nzima kila tukiruka shimo alikuwa anakakamaa upya. Mimi nilikuwa nimeshika kijiti cha ndafu. Sikumbuki kwa nini sikukitupa.

Hospitali, daktari akamtazama dakika moja tu, akaniuliza, "Wiki hizi mbili tatu alichomwa na kitu? Msumari? Bati? Mwiba?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

"Daktari, mimi ndiye ninayeandika ajali zote za chuo. Tuna siku 365 bila ajali."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu.

Daktari aliinama miguuni pa Malale. Akamvua kiatu cha kulia, akavua soksi, akageuza unyayo.

Palikuwa na tundu dogo katikati ya unyayo, limevimba, pembeni peusi.

"Hii ni pepopunda, mama. Amechomwa, hakupata sindano."

"Lakini anacheka," nikasema kama mjinga.

"Hacheki. Misuli ya uso imekaza. Taya zilianza kujifunga siku kadhaa. Hamkuona anashindwa kula?"

Ugali wangu. Uji wake. Kipande cha ndafu.

Sikulia. Kuna kitu ndani kilizimika, kama umeme unavyokatika ukiwa katikati ya kupiga pasi. Ukabaki umesimama, pasi mkononi, nguo haijaisha.

Wakamweka chumba chenye giza, kimya, maana hata mlango ukigongwa anakakamaa. Mimi nikakaa kwenye benchi la korido.

Ndipo Specioza akaja. Bado kavaa kitenge cha sare ya sherehe. Hakukaa. Alisimama mbele yangu kama mtoto aliyevunja chungu.

"Dada Minza, naomba unisamehe."

"Ulijua?"

"Nilijua alikanyaga msumari. Banda la ng'ombe la chuo, alikuwa anarekebisha paa, akashuka akakanyaga ubao wenye msumari. Alikuwa na yeboyebo. Uliingia wote."

Nikasimama. Nikamshika kitenge kifuani.

"Ulijua, hukumchoma sindano! Nesi gani wewe? Umeniulia mdogo wangu!"

Watu wakageuka. Specioza hakujitoa mikononi mwangu.

"Nilikupigia simu, dada."

"Muongo!"

"Nilikupigia. Siku ya 352. Ulikuwa mnadani, nilisikia mbuzi."

Nikamwachia.

Sasa nawaambia ile simu ilivyokuwa. Ilirudi yote, neno kwa neno.

"Dada, kuna fundi hapa kakanyaga msumari kwenye banda la ng'ombe," Specioza alisema. "Sindano ya pepopunda ninayo. Ila nikichoma, lazima niandike kwenye daftari kaumia wapi."

"Anatembea?"

"Anatembea, anachechemea."

"Basi si ajali hiyo! Mwambie aende duka la dawa Shanwe wamsafishe. Specioza, tumebakiza siku kumi na tatu!"

"Lakini dada..."

"Kumi na tatu tu, mdogo wangu. Usiniangushe."

Nikakata. Nikaendelea kubonyeza mbuzi.

Pale korido nikamuuliza Specioza kitu kimoja tu. "Kwa nini hukuniambia ni Malale?"

Akaanza kulia. Yeye aliweza.

"Alikuwa amekaa hapo hapo, dada. Simu ilikuwa spika. Alikusikia yote. Nilipotaka kumtaja, akanishika mkono, akatikisa kichwa. Ulipokata akaniambia, 'Usimtaje jina langu. Akijua ni mimi, atatundika sifuri. Na kazi yake itaondoka.'"

Nilikaa chini.

Kwa sababu ni kweli! Ningejua ni yeye, ningeacha mbuzi mnadani, ningemchomesha sindano kumi, ningetundika sifuri mchana kweupe na Dokta Edgar aseme anachotaka.

Nilimnyima sindano fundi nisiyemjua. Fundi nisiyemjua akawa wa kwetu.

Siku ya tatu Dokta Edgar alikuja kutuona. Alileta matunda, ambayo Malale asingeweza kuyala. Akanivuta pembeni.

"Pole sana, Minza. Sikiliza... kijana kazidiwa baada ya siku ya 365 kutimia. Kwa hiyo lengo kimsingi limefikiwa. Barua yako ya ajira iko tayari. Tuandike tu alichomwa nyumbani."

Nilimtazama mdomo unavyocheza. Sikumkasirikia. Alikuwa ananiambia maneno niliyomfundisha mimi.

"Sawa, Dokta," nikasema.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, mdogo wangu alifariki. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Alikuwa hajaweza kuniambia neno hata moja.

Tukamrudisha Mamba. Mama akalia mpaka sauti ikakauka. Baba akauliza swali moja tu, "Alikuwa anafanya kazi gani huko, mpaka msumari umuue?" Nikasema fundi. Akasema sawa. Wakina mama wakanong'ona kwamba dada mtu halii, ana nini huyu? Nilikuwa nahesabu mashada.

Nilirudi chuoni Jumatatu. Sikuingia ofisini. Nilienda karakana, kwenye droo yake, nikaichukua ile sifuri ya nne, ile ya akiba. Ilikuwa haijawahi kutundikwa, rangi bado inang'aa.

Nikaenda getini, nikashusha namba zote. Nikaitundika peke yake.

0.

Mlinzi akaniuliza, "Mratibu, kuna nini?"

"Kuna mtu kafa kazini."

Nikakaa kwenye kiti cha mlinzi, daftari jipya mapajani. Sikumwita mtu. Nadhani nilikuwa sina pa kwenda tu.

Wa kwanza kuja alikuwa yule mama wa jikoni. Akakunja mkono wa gauni, kovu kutoka kiwiko mpaka kiganja.

"Mimi niliungua jikoni," akasema. "Si nyumbani. Andika."

Nikaandika.

Akaja wa maabara, jicho moja halioni vizuri. Akaja wa maktaba. Akaja dereva, akaja wa bustani anayekohoa tangu apulize dawa bila barakoa. Mpaka saa nane mchana nilikuwa nimeandika watu arobaini na mmoja. Kila mmoja nilimuuliza jina, nikaliandika kwanza, kabla ya jeraha.

Mchana Dokta Edgar akatoka mbio.

"Minza! Umeharibu takwimu za mwaka mzima!"

"Ndiyo, Dokta."

"Na barua yako je?"

"Irudishe tu, Dokta."

Hawakunifukuza. Wakaguzi walikuja, wakasoma daftari, wakaomba kuongea na mimi, wakataka pia kuona stoo. Buti zimegawiwa zote. Pea moja, namba tisa, ilikosa mwenyewe.

Sasa lengo letu ni jingine. Kila idara iniletee taarifa zisizopungua tano kwa mwezi, hata za mtu aliyeteleza bila kuanguka. Idara ikiniletea kurasa nyeupe, naifuata kwa miguu yangu mwenyewe. Ubao umebaki getini na ile sifuri. Wameniomba niitoe. Nimekataa.

Ndugu zangu mnaosoma, wenye ofisi, wenye viwanda, wenye shule, hata wewe mwenye dada wa kazi mmoja tu nyumbani. Ukimpa mtu zawadi kwa kutoumia, ataumia kimya. Na siku ukipigiwa simu kwamba kuna mtu kaumia, kabla hujauliza kama anatembea... muulize ni nani. Kisha mtibu hata kama humjui.

Picha ya pale ukumbini bado iko kwenye ukurasa wangu. Mimi na kijiti, Malale na meno yote nje. Nilitaka kuifuta, nikashindwa, maana ndiyo ya mwisho niliyonayo.

Kila wiki kuna mtu anapita anaandika chini yake, "Pole dada. Mdogo wako alikuwa na tabasamu zuri sana."

Huwa najibu, "Asante."