Unyu Chini ya Ng'ombe

Asubuhi Indrakala alichukua ndoo akaingia zizini. Ng'ombe wao, Tari, alikuwa amesimama juu ya matandiko ya unyu, yale majani ya mlimani yaliyochanika kama manyoya ya ndege. Akakojoa. Mkojo ulikuwa mwekundu.

Indrakala alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Mama! Njoo uone!"

Mama mkwe wake, Dilmaya, alikuja, akaona, akashika kifua.

"Damu! Ng'ombe wangu karogwa!" Kisha akamgeukia mkwewe. "Nani anamkamua? Nani anamtandikia? Kabla hujaja, nyumba hii haikuwa na mambo haya."

"Mama, mimi sijui kitu."

"Mganga anakuja Jumanne. Atapiga ngoma yake, na atamtaja mchawi mwenyewe."

Indrakala alijua ni jina gani litatajwa. Mwaka jana, kijiji cha pili, mwanamke alitajwa hivyo hivyo. Alipigwa mpaka akahama na wanawe. Mume wa Indrakala alikuwa kazini Katari. Nani angemtetea? Siku mbili kila mlango ukilia, alishtuka.

Jumatatu asubuhi alipanda kwa Phulmati, mhudumu wa mifugo, anayekaa karibu na shule. Mfa maji haachi kutapatapa.

"Anakula nini?" Phulmati aliuliza.

"Nyasi, dada. Lakini kiangazi hiki nyasi ziko wapi?"

"Na analalia nini?"

"Unyu. Kama kila mtu."

Phulmati alivaa viatu, wakashuka pamoja. Zizini alichuchumaa, akaokota bua moja. Ncha yake ilikuwa imekatwa kwa meno.

"Mnamtandikia, au mnamlisha?"

"Unyu utamdhuru nini?" Dilmaya aling'aka. "Hata sisi tunakula! Juzi tu tumekula niuro na wali."

"Bibi, unyu ni kama jina la ukoo. Hapa sote ni Warai. Je, kila Mrai ni mtoto wako?"

"Thubutu! Wengine siwataki hata mlangoni."

"Basi na unyu ni hivyo hivyo. Niuro ni mmoja wao. Anaota kando ya kijito, na tunachuma vichipukizi vyake laini tukapika. Lakini huyu wa mlimani, tazama. Bua ni moja, refu, gumu. Juu linagawanyika matawi mapana ya pembetatu. Huyu ana sumu. Ng'ombe mwenye njaa hula matandiko yake. Akimla miezi mingi, kibofu hutoa damu. Sumu hupita hata kwenye maziwa. Msiyanywe mpaka niwaambie."

"Atapona?" Indrakala aliuliza kwa sauti ndogo.

"Siwezi kuahidi. Kama hajaharibika sana, atapona. Toeni yote leo."

Indrakala alitazama mikono yake.

"Ni mimi niliyeyakata, mama. Kwa mikono hii."

Aibu ilimshika Dilmaya.

"Na ni mimi niliyekuonyesha pa kukata," alisema. Akafunga shuka kichwani, akaenda mwenyewe kumzuia mganga.

Siku hiyo walifagia zizi lote. Tangu hapo walimtandikia Tari mabua ya mpunga na majani makavu ya miti. Walimlisha kwanza, ndipo wakamtandikia. Kila asubuhi Indrakala aliingia zizini akitazama chini kabla ya kitu kingine. Wiki ya tatu mkojo ulianza kutakata. Mwezi wa pili Phulmati alimpima Tari, akaruhusu maziwa.

Hazikupita siku nyingi, jirani wa bondeni alikuja mbio, uso umempauka kwa hofu.

"Indrakala, ng'ombe wangu anakojoa damu! Kuna mtu kaniroga. Nisaidie nimjue!"

Indrakala hakumcheka. Hofu ile aliijua vizuri mno. Alifuatana naye mpaka zizini, akaingiza mkono chini ya ng'ombe, akavuta bua moja refu, gumu, lenye alama za meno.

"Huyu hapa," alisema. "Mtoe nje, kisha twende tukamwite Phulmati."