Mungaa Iliyogeuzwa Kintinku

"Kintinku tena!"

Severina Mughwai, mpelelezi wa polisi, alipiga ngumi meza ya ofisi ya usafirishaji, Mandewa. Kwenye skrini ya ThinkPad, lori la chanjo ya ng'ombe lilikuwa limeipita njia panda ya Mungaa, linakwenda Manyoni, upande wa Kintinku. La jana lilitekwa huko huko Kintinku na wafanyamagendo wenye bunduki. Mungaa, kwa mama yake, ng'ombe walikuwa wanakufa.

Simu ya dereva Laurian ilikuwa haipatikani. Alifuata tu kisanduku cha amri ndani ya lori, kinachopokea jina la kituo kutoka kwenye programu ya ofisi.

Redio ya Motorola ikakoroma.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Umekwama wapi?"

"Faili la vituo, lile zinalolinakili programu zote, limeandika Mungaa. Nimelisoma mpaka macho yanauma."

"Basi dereva ndiye mwizi. Mkamate."

"Mkuu, dereva..."

Redio ikazimika. Severina alitamani kuitupa dirishani. Bosi gani huyu, kila siku mkamate, mkamate!

Akatazama skrini tena. Lori la pili, la kituo cha MUNGAA-B, lilikuwa limefika salama.

Kwa nini hili?

Akashtuka. Kobol, lugha iliyoandikiwa programu hizi, hubadilisha neno zima tu. MUNGAA likisimama peke yake linaliwa. MUNGAA-B, kwa kile kistari, ni neno jingine, halikuguswa. Faili halina kosa! Neno linabadilishwa wakati faili linavutwa ndani ya programu.

Akafungua programu yenyewe.

COPY VITUO REPLACING "MUNGAA" BY "KINTINKU".

Mstari mmoja: vuta vituo, penye MUNGAA weka KINTINKU. Kijinga kabisa.

"Dada Severina, toa mikono hapo."

Calist, mtunza programu, alisimama mlangoni na bastola. Kumbe yeye! Asubuhi nzima alimletea chai akimpa pole.

Severina akasukuma kiti kwa mguu. Kikamgonga Calist magotini, risasi ikaingia darini. Alipoinua kichwa, Glock ya Severina ilikuwa puani mwake.

"Lala chini."

Akalala. Severina akamfunga pingu, akafuta maneno ya kubadilisha, akaikompaili programu upya ili itume amri sahihi.

Kwenye skrini, lori likageuza. Akashika redio.

"Mkuu, tuma vijana Kintinku. Wafanyamagendo wanasubiri lori lisilokuja."

"Mbona hukusema mapema?"

Safari hii aliyezima redio ni yeye. Akapiga simu nyumbani.

"Shikamoo, mama. Fungeni ng'ombe zizini, chanjo inakuja."

"Marahaba, mwanangu. Ng'ombe gani? Amebaki ndama mmoja."

Severina alimtazama Calist pale sakafuni.

"Mfungeni huyo, mama."

Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akamruka Calist, akatoka juani bila kuharakisha.